Sentimita tisini za uzio

Mkaguzi alilivuta geti la bwawa letu likafunguka kwa upana wa kiganja tu, akaliachia, akarudi nyuma hatua moja na kutazama. Geti lilijirudisha taratibu, likagusa komeo, likatulia pale pale bila kufunga. Akalivuta tena, safari hii hadi mwisho, akaliachia. Likaja kwa kishindo na kujifunga barabara. Nilitabasamu nikidhani kwamba jaribio la pili limefuta la kwanza. Yeye aliandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akaniambia kwa upole kwamba mtoto mdogo huponyoka mlango ukiwa wazi kidogo tu, na kwamba geti lililoegemea komeo ni baya kuliko lililo wazi kabisa, kwa sababu lililo wazi kabisa mtu mzima huliona kutoka dirishani.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2019, magharibi mwa Sydney, na nilikuwa nimekwisha kutumia miezi saba pamoja na akiba ya miaka sita ya kuendesha basi ili watoto wangu wapate mahali pa kuogelea nyuma ya nyumba. Nilidhani kwamba jambo gumu katika kujenga bwawa ni shimo, kwa hiyo fikra zangu zote nilizipeleka kwenye shimo. Sheria, kama nilivyokuja kuelewa, inalitaja shimo kwa maneno machache na uzio kwa maneno mengi sana.

Sisi tulikulia Tanga, na kuogelea tulijifunza Raskazone, baharini, tukiwa kundi kubwa la watoto na daima pakiwa na mtu mzima mmoja ufukweni, hata kama mtu huyo alikuwa anakula mihogo na kusoma gazeti. Maji ya hatari nyumbani yalikuwa kisima, na kisima kilikuwa na mfuniko wa bati wenye jiwe juu yake. Sikumbuki kuona uzio wowote umezungushiwa maji. Kwa hiyo tulipohamia huku na mke wangu akanunua dukani bwawa la kupachika, lile la turubai lenye nguzo za chuma, nililisimamisha kwenye majani Jumamosi moja asubuhi, nikalijaza kwa mpira wa bustani, na kufikia mchana watoto walikuwa ndani.

Jirani yetu, mama mzee mwenye asili ya Lebanoni ambaye hutuletea malimau, ndiye aliyeniita pembeni. Aliniuliza maji yana kina gani. Nilimjibu kwa fahari kwamba yanafika sentimita 70. Akaniambia kwamba katika jimbo hili la New South Wales bwawa lolote linaloweza kushika maji yanayozidi sentimita 30 ni bwawa mbele ya sheria, liwe la zege au la turubai, liwe la kudumu au la kupachika, na linatakiwa kuzungushiwa uzio. Nilidhani ni maneno ya wazee. Usiku ule nililitafuta boksi ambalo bwawa lilikuja nalo, nikakuta onyo lenyewe limechapwa juu yake. Nililimwaga lile bwawa usiku uleule, na majani yalibaki na duara la njano kwa miezi miwili.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Mabwawa ya Kuogelea ya mwaka 1992, na vipimo vyake vinatokana na kiwango cha Australia kinachoitwa AS 1926.1. Nawashauri wenzangu wasome vipimo hivyo kabla ya kuongea na fundi yeyote, maana mimi nilifanya kinyume, na fundi wa kwanza niliyemwita alinihakikishia kwamba kwa bwawa dogo kama letu kibali hakihitajiki. Alitaka pia malipo ya awali ya asilimia 30, ilhali kwa kazi ya ujenzi wa nyumbani katika jimbo hili amana haitakiwi kuzidi asilimia 10 ya bei ya mkataba. Mtu anayekosea kwenye amana, ambayo ni jambo analolifanya kila wiki, sikuona sababu ya kumwamini kwenye kibali. Tuliachana kwa amani, na wa pili nilianza kwa kumwomba namba ya leseni nikaihakiki mwenyewe kabla hajakanyaga uwanjani kwangu.

Kibali kina njia mbili. Ya kwanza ni kupeleka ombi kamili kwenye halmashauri, ambayo hulichunguza na kwa kawaida huwapa majirani taarifa ili wenye pingamizi waseme. Ya pili ni ya haraka: kama mchoro wako unatimiza masharti yaliyokwisha kupangwa, basi halmashauri au mthibitishaji binafsi mwenye leseni anaweza kukupa cheti bila mjadala mrefu. Tulichukua ya pili. Masharti yake yalitosha kunifanya nichore bwawa upya mara tatu, kwa sababu ukingo wa maji ulitakiwa kuwa angalau mita moja kutoka kwenye mpaka wa kiwanja, na bomba la maji taka, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Sydney, lilikuwa linapita chini ya uwanja wa nyuma, mahali pale pale nilipokuwa nimepaka chokaa kuonyesha mahali pa kuchimba. Ilibidi tupate idhini ya Sydney Water, shirika la maji la huku, na kusogeza bwawa zima kuelekea upande wa nyumba. Ukubwa nao niliupunguza. Bwawa la mita 7 kwa 3.5 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 hushika lita kama 37,000, na nilipendelea kubaki chini ya lita 40,000, kwani kuanzia hapo huongezeka cheti kingine cha matumizi ya maji na nishati.

Mke wangu ndoto yake ilikuwa mlango wa jikoni ufunguke moja kwa moja kwenye maji, akae anapika huku anawaona watoto. Nilipomwambia kwamba kwa bwawa jipya uzio lazima ulitenge na nyumba yenyewe, na kwamba mlango wa nyumba haukubaliki kuwa mlango wa bwawa, alinuna siku mbili. Hoja yake ilikuwa na uzito: macho ya mama yaliyo karibu si ndiyo ulinzi bora? Nilikosa jibu wakati ule.

Uchimbaji ulianza Julai. Siku ya nne mvua ilinyesha usiku kucha. Sheria inataka uzio wa muda tangu shimo linapoweza kukusanya maji, na mkandarasi alikuwa ameuweka, zile fremu za chuma zinazosimama kwenye vitalu vizito vya plastiki. Niliamka saa tisa usiku kwa sauti ya mvua juu ya bati la baraza, nikatoka na tochi. Fremu moja ilikuwa imesogezwa kando ili toroli lipite, na hakuna aliyeirudisha. Ndani ya shimo maji ya tope yalikuwa yamefika magotini mwangu. Najua kwa sababu niliteleza nikaingia. Nilisimama mle nikiwa na kanzu ya kulalia, mtu mzima wa kilo 90, na kupanda kutoka kwenye ule udongo laini kulinichukua majaribio matatu. Niliirudisha fremu, nikaifunga kwa waya, na asubuhi nilimweleza msimamizi wa kazi maneno ambayo mke wangu aliyasikia kutoka ndani na kuniambia baadaye kwamba hayakuwa ya Ramadhani wala ya mwezi mwingine wowote. Tangu siku ile, kila jioni baada ya mafundi kuondoka, nilizunguka uzio wa muda nikiutikisa fremu moja baada ya nyingine.

Sasa nirudi kwa mkaguzi, kwa sababu geti lilikuwa kosa la kwanza kati ya matatu, na ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote. Bawaba za geti la bwawa zina springi ndani, na juu yake kuna mahali pa kuingiza bisibisi ili kukaza au kulegeza. Geti lilipowekwa lilikuwa sawa, ila udongo mpya chini ya nguzo ulikuwa umetulia kidogo na nguzo ikainama kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Pima maji ndiyo iliyoonyesha. Geti linatakiwa lifungukie nje, upande usio wa maji, ili mtoto anayelisukuma ajikute analifunga. Linatakiwa lijirudishe na kujifunga lenyewe kutoka mahali popote lilipoachiwa, bila kusukumwa, na kitasa chake kiwe juu, sentimita 150 kutoka ardhini, au kikingwe kiasi kwamba mkono mdogo haukifikii.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe, na lilikuwa la kijani kibichi. Nilikuwa nimepanda sukuma wiki kwenye vyungu vitano na kuvipanga nje ya uzio, karibu nao kiasi cha shubiri moja, kwa kuwa pale ndipo jua linapopiga vizuri. Mkaguzi alikiweka kichwa cha tepu yake juu kabisa ya uzio, wenye urefu wa sentimita 120, akaivuta hadi sentimita 90, kisha akaizungusha kuelekea chini kama mwanafunzi anayechora duara kwa bikari. Kila kitu kilichoguswa na lile duara kilikuwa kosa kama mtoto anaweza kukikanyaga. Vyungu vinne viliguswa. Cha tano, ambacho mke wangu alikuwa amekisogeza ili apate njia ya kupitisha beseni la nguo, kilipona. Akaniuliza mwanangu wa mwisho ana urefu gani. Nilionyesha kwa mkono. Akaushusha mkono wangu hadi kwenye ukingo wa chungu, akaupandisha kutoka hapo, na nikaona mwenyewe mahali kidevu cha mtoto kingefika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nafasi kati ya nondo na nondo haitakiwi kuzidi sentimita 10, kwa nini pengo chini ya uzio nalo ni hivyo hivyo, na kwa nini vyuma vya mlalo, vile ambavyo mafundi wetu wa nyumbani huvichomea kila mahali ili uzio uwe imara, hapa vinatakiwa kupishana kwa sentimita 90 au zaidi: chuma cha mlalo kilicho katikati ni kidato cha ngazi. Vipimo hivi nilikuwa nimevisoma na kuvikariri kama namba za leseni. Sikuwa nimewahi kumsimamisha mtoto ndani yake.

Kosa la tatu lilinigharimu fedha. Upande wa nyuma uzio wa bwawa ulikuwa ni ule ule wa mpaka na jirani, jambo linaloruhusiwa iwapo uzio huo una urefu wa sentimita 180 ukiupima kutoka upande wa bwawa. Wetu ulikuwa na urefu huo siku tuliposaini mkataba. Lakini mkandarasi, ili apunguze safari za lori, alikuwa ameusambaza udongo wa ziada kando ya mpaka, akaushindilia na kuweka majani mazuri juu yake, nami nilimsifu kwa kazi safi. Tepu ilisoma sentimita 157. Uzio haukuwa umefupika. Ardhi ilikuwa imepanda. Mkandarasi alidai kwamba majani yale niliyaomba mimi, na kwa kweli niliyaomba, ila udongo ulio chini yake sikuuomba. Tulivutana wiki mbili, na mwishowe tuligawana gharama ya kuuondoa. Ningeandika tangu mwanzo kwenye mkataba udongo wa shimo unakwenda wapi, nisingelipa chochote.

Mkaguzi alirudi baada ya wiki tatu. Alilifungua geti kwa upana wa kiganja, kisha kwa upana wa vidole viwili, na mara zote lilijifunga. Alisoma kibao cha maelekezo ya kumwokoa aliyezama, ambacho ni lazima kiwepo na kisomeke kutoka mita tatu, chenye mchoro wa mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, na chini yake maneno yanayosema kwamba watoto wadogo wasimamiwe, geti lifungwe wakati wote, na vitu viwekwe angalau sentimita 90 mbali na uzio. Kumbe sukuma wiki zangu zilikuwa zimekatazwa na kibao nilichokipigilia misumari kwa mikono yangu. Cheti kilitoka, nikaliandikisha bwawa kwenye daftari la jimbo kupitia intaneti, kazi ya dakika kumi ambayo asiyeifanya hutozwa faini ya dola 220. Kwa uzio mbovu mahakama inaweza kufika dola 5,500.

Halafu ikaja Januari, na sherehe. Shemeji zangu walikuja na watoto, tukachoma nyama, na watu wakawa wanaingia na kutoka bwawani wamebeba sahani. Mtu mmoja, ambaye simlaumu kwa sababu ningeweza kuwa mimi, alichoka kufungua geti kila mara akalizuia kwa deli la vinywaji. Nililiondoa. Baada ya nusu saa deli lilikuwa limerudi pale pale. Nililiondoa tena, nikalipeleka jikoni, na baadhi ya wageni waliniona mtu wa makuu. Sasa geti lilikuwa limefungwa, watu wazima tulikuwa barazani, na watoto wakubwa walikuwa wametoka majini kuja kula. Mtoto wa shemeji yangu, wa miaka minne, alitaka mpira uliobaki unaelea. Alisimama getini, akatazama kitasa kilicho juu ya kichwa chake, akaondoka. Nilimwona na nikafurahi. Sikumwona alipochukua kiti cha plastiki.

Alikiburuta kwenye majani, ambako kiti hakitoi sauti. Alikisukuma mpaka kikagusa uzio, akapanda, akashika nondo ya juu kwa mikono miwili, na alikuwa amekwisha kuvusha mguu mmoja mama yake alipotoka jikoni na bakuli la kachumbari, akaliacha likaanguka. Alimfikia. Mtoto hakulia, hakuelewa hata kelele ni za nini. Alikuwa anaonyesha mpira kwa kidole. Sisi watu kumi na wawili tuliokuwa tumekaa mita sita kutoka pale hatukuwa tumesikia chochote mpaka bakuli lilipovunjika. Mke wangu alinitazama, nami nilijua anayafikiria macho ya mama jikoni, kwa sababu macho ya mama ndiyo yaliyomwokoa yule mtoto, ila yalimwona kwa sababu uzio ulimchelewesha muda wa kutosha kuonekana.

Viti vya nje sasa ni vizito, vya mbao, na kila mgeni husomewa sheria ya deli kabla ya kupewa soda. Kila Jumapili nalifungua geti kwa upana wa vidole viwili na kuliachia. Mara mbili tangu wakati ule limegoma kujifunga, zote mbili baada ya mvua nyingi, na bisibisi ilimaliza shida kwa dakika tano. Sukuma wiki zimehamia upande wa gereji ambako jua ni haba, na mke wangu hachoki kunikumbusha kwamba majani yake sasa ni madogo kama ya mchicha.

Mwaka jana shemeji mwingine, aliye Dar es Salaam, alinipigia simu kunionyesha bwawa analojenga nyumbani kwake Mbezi. Lilikuwa limepigwa vigae vya bluu, linavutia, na limezungukwa na bustani isiyo na kitu chochote kinachozuia mguu.

“Uzio uko wapi, shemeji?” nilimuuliza.

“Ukuta wa nyumba nzima upo, tena una nyaya za umeme juu. Nani ataingia?”

“Simwogopi anayeingia. Nawaogopa waliomo ndani tayari.”

“Watoto wana dada wa kuwaangalia.”

“Huyo dada sasa hivi yuko wapi?”

Aliigeuza simu. Dada alikuwa jikoni anageuza chapati, mgongo wake ukielekea dirishani, na mtoto mdogo hakuonekana kwenye picha. Shemeji alinyamaza. Nilisikia viatu vyake vikitembea haraka kwenye vigae, kisha sauti ya mtoto ikicheka chumbani mbele ya runinga, kisha pumzi za shemeji yangu karibu na simu.

“Fundi wa kuchomelea ninaye,” alisema baadaye. “Nondo zipo. Hizo bawaba zinazojifunga zenyewe ndizo sijaziona huku.”

Nilimtumia vipimo jioni ile: sentimita 120 kwenda juu, 10 kati ya nondo, geti lifungukie nje, vyuma vya mlalo juu kabisa na chini kabisa. Bawaba nimemnunulia jozi mbili, ya geti na ya akiba. Zimo kwenye sanduku la safari ya Desemba, zimeviringishwa ndani ya taulo pamoja na bisibisi yake.